Kasindi: dereva anapimwa joto, tansio hapana

Malori yanayofika Kasindi kutoka bandari ya Mombasa yamekwisha kukata zaidi ya kilomita 1,500. Hadi mji wa Beni zinabaki kama 80 tu, lakini hizo 80 ndizo zinazokula siku. Kwanza karatasi za duane. Kisha usalama: kuna vipindi ambapo gari haliondoki bila msafara unaosindikizwa na askari. Dereva anangoja. Analala ndani ya kabini bila chandarua, mbu wakimla.

Mmoja wao, baba wa watoto watano, familia yake ilikimbia kijiji upande wa Oicha na sasa imepanga chumba Beni. Kwa miezi mingi kichwa kilimuuma, akasema ni jua. Siku alipoingia kituo cha afya akidhani ana malaria, muuguzi alimpima tansio: 19 kwa 11.

“Papa, usiku ulilala wapi?”

“Kwa gari, mama.”

“Na juzi?”

“Kwa gari.”

Muuguzi alitaka abaki, apimwe tena asubuhi. Asubuhi msafara ulikuwa unaondoka. Alichukua vidonge, akaenda. Kichwa kilipotulia, akaviacha. Nani atamlaumu? Mtu akijisikia mzima anaona dawa ni kupoteza pesa. Lakini tansio haiponi kwa sababu kichwa kimenyamaza. Vidonge ni vya kila siku. Mke wake sasa ndiye anayevihesabu kila safari inapoisha.

Kazi yenyewe inajenga ugonjwa. Kukaa masaa mengi kwenye usukani, usingizi kidogo, chakula cha chumvi na mafuta usiku, sigara. Maji wanakunywa machache kwa makusudi, kwa sababu kusimama njiani kujisaidia ni kujitia hatarini. Mkojo unaobanwa na mwili usio na maji ni mzigo kwa figo.

Sida nayo inasemwa kwa sauti ya chini. Penye malori yaliyosimama pana wasichana, na baadhi yao ni watoto wa wahami wanaouza ndizi mchana, jioni njaa ikiwa bado nyumbani. Mwenye pesa pale ni dereva. Basi asitupiwe binti lawama yote. Yeyote aliyelala na mtu bila kinga na ana hofu, au aliyebakwa, afike kituo cha afya kabla ya masaa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora: kuna dawa za kuzuia virusi. Dereva ambaye tayari anameza dawa za Sida abebe za siku nyingi kuliko safari, maana Kasindi haina ratiba.

Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, kila dereva hapa alinawa mikono na kupimwa joto. Ilikuwa haki: Juni 2019 ugonjwa ulivuka hadi Kasese, Uganda. Ila joto lilipimwa kwa sababu lingeweza kuua wengine. Tansio inamuua dereva peke yake, labda na wale atakaowagonga akianguka kwenye usukani. Meza moja, kipimo kimoja na muuguzi mmoja vingetosha kuanza, pale pale kwenye maegesho wanapokaa siku mbili bila la kufanya.