Asilimia ya Nini?

Morogoro

Mpwa wangu mpendwa,

 

Mama yako ameniambia unataka kukopa 600,000 uongeze mzigo wa vitenge, na kwamba umeshapata watu wa kukupa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, miezi sita. Kukopa si dhambi, mwanangu. Ila kabla hujatia sahihi, waulize: asilimia 10 ya nini?

Wakisema ni ya mkopo wote ulioanza nao, kila mwezi riba ni 60,000, hata mwezi wa sita ambapo deni limebaki 100,000 tu. Jumla ya riba ni 360,000. Wakisema ni ya salio, nawe unapunguza deni kwa 100,000 kila mwezi, riba itaanza 60,000, ije 50,000, ishuke hivyo hadi 10,000, jumla 210,000. Asilimia ni ileile, lakini 150,000 nzima imepishana. Watu hawakuiita mikopo yenye riba kubwa namna hiyo kausha damu bure.

Swali hilohilo liulize dukani kwako. Kitenge ulichonunua 8,000 ukakiuza 10,000 kimekupa faida ya 2,000. Hiyo ni asilimia 25 ya mtaji, lakini asilimia 20 ya bei ya kuuzia. Mteja akiomba umpunguzie asilimia 25, usijidanganye kwamba unaacha faida tu: atalipa 7,500, na 500 ya mtaji imekwenda.

Risiti nazo ni hivyo. VAT ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya bei kabla ya kodi. Ukilipa 118,000, kodi iliyomo ni 18,000, wala si asilimia 18 ya hizo 118,000.

Kupiga hesabu yenyewe si kazi. Asilimia 10 ya 40,000 ni kuondoa sifuri moja, 4,000. Asilimia 5 ni nusu yake, 2,000. Asilimia 15 ni kuzijumlisha, 6,000. Mteja hatakusubiri utafute simu.

Mali bila daftari huisha bila habari. Hao wakopeshaji wakuandikie jibu lao kwenye mkataba. Wakikataa, achana nao. Wakikubali, nitumie picha ya mkataba tuupigie hesabu pamoja kabla hujachukua hata shilingi.

Ni mimi mjomba wako.