Kujitambulisha Ugenini
Kwetu Chuno, mjini Mtwara, mgeni haulizwi kwanza kazi yake. Huulizwa atokako na kwamba ni mtoto wa nani. Kwa hiyo, siku ya kwanza ya masomo yetu ya habari za kidijitali huko Ujerumani, tulipotakiwa kujitambulisha, tulitaja jina, Chuno, na ukoo wa mama, kama ilivyo desturi ya Wamakonde. Wenzetu walikaa kimya. Kumbe walitaka kujua ujuzi wetu wa kamera na kompyuta!

Mwalimu akaeleza kwamba mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizuru Newala akiwa na kamera ya sinema na fonografu, akanasa ngoma na sauti za wazee wetu. Basi wazee hao walitutangulia darasani, ila hatukutajiwa hata jina moja.

Tulipoagizwa kutengeneza filamu fupi ya kujieleza, wengi walitutaka tuoneshe lipiko. Tulikataa. Kwa wazee wetu lipiko ni siri ya jando. Avaaye kinyago hatajwi mbele ya wanawake na watoto, na picha ikishaingia mtandaoni haina mlango wa kufungwa. Tulipiga simu nyumbani, tukarekodi sauti ya bibi akitaja jina lake, la mama yake, na la mama wa mama yake.