Kwa Miguu Hadi Mbagala

Akina mama wenzetu, huenda nanyi mliziona kwenye simu za watoto picha za watawa wa Kibuddha waliotembea Marekani kwa ajili ya amani. Waliondoka Fort Worth, Texas, Oktoba 26, 2025, wakafika Washington Februari 10, 2026. Ni siku 108 na kilometa zipatazo 3,700. Ukigawanya, kila siku ni kama kutoka Posta hadi karibu na Kibaha! Walikula mlo mmoja kwa siku, wakalala kwenye mahema au pale walipokaribishwa, yakiwemo makanisa. Mbwa wao, Aloka, aliwafuata.

Wengine waliwatazama nyuso. Sisi wauguzi tulitazama miguu, maana baadhi yao walitembea peku. Malengelenge tunayajua. Mwezi Novemba, karibu na mji wa Dayton huko Texas, gari lao la kuwasindikiza liligongwa, na mtawa mmoja akapoteza mguu. Wenzake wakaendelea.

Wako watakaouliza, Wabuddha wanatuhusu nini sisi Wakristo? Tuseme tu kwamba kutembea kwa ajili ya jambo si kugeni hapa. Mama zetu wanakumbuka mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilometa 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Kijana Seth Benjamin alifia njiani mwaka huo huo akitembea kutoka Arusha kuja Dar es Salaam.

Na tarehe zenyewe zilitugusa. Siku ya tatu baada ya watawa wale kuondoka ilikuwa Oktoba 29, siku ya uchaguzi wetu. Mnakumbuka ilivyokuwa: vurugu, moshi, amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni, intaneti kuzimwa. Daladala zilitoweka. Wenzetu wa zamu ya mchana walilala wodini, na sisi wengine tulikwenda kazini kwa miguu kupitia vichochoro vya Temeke, tumevaa sare ili tujulikane. Watu walikufa. Habari za watawa tulizipata baadaye, mtandao uliporudi.

Ndipo akina mama saba wa kanisani kwetu tukakubaliana kwenda kuwaona waliofiwa huko Mbagala, na kwenda kwa miguu. Jumamosi moja alfajiri tukaanzia Mtoni kwa Aziz Ali, tukashika Barabara ya Kilwa. Khanga kiunoni, chupa ya maji, kandambili mkobani kwa atakayeshindwa na viatu.

Kwenye basi, kipande hiki hukioni. Unatazama kisogo cha mwenzako na kumsikiliza konda. Kwa miguu huwezi kupita kimya. Mtongani, muuza mihogo alituuliza kama tuna msiba. Kwenye daraja la Mto Kizinga vijana waliokaa kijiweni walinyamaza walipotuona, tukawasalimia, wakaitikia, mmoja akatubebea mfuko wa unga na mchele hadi Misheni. Njiani akatuambia kwamba tangu siku zile, mtu mzima akimkaribia anashika njia nyingine. Sisi wenyewe ni mama wa vijana wa rika lake, na tunapowaona wamekusanyika hukumbatia mikoba. Alipotukabidhi mfuko alituamkia mmoja mmoja.

Baada ya Misheni jua lilikuwa kali. Mwenzetu mwenye kisukari tulimketisha chini ya mwembe, tukamkagua nyayo, maana kidonda cha mguu kwake si mchezo. Kufika Zakhem hatukuwa na maneno mengi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa nyuma ya soko la Rangi Tatu. Mama aliyefiwa na mwanawe alitukaribisha kwa adabu ya mtu aliyechoka na wageni. Akauliza tumekuja na gari gani. Tulipomwambia alitutazama miguu, yote kumi na minne, imejaa vumbi.

“Kutoka kwa Aziz Ali?”

“Ndiyo, mama.”

Akamwita mjukuu alete beseni. Tulikataa, akasisitiza. Tulinawa miguu uani kwake kwa zamu, naye akiongeza maji, na hapo ndipo alipoanza kusimulia habari za kijana wake, toka alipozaliwa. Hakuna aliyemkatiza. Nyumba ya pili hatukufika siku ile.

Kurudi tulipanda daladala. Mwezi ujao tutakwenda Tandika, na yule kijana wa Kizinga amesema tumpitie.