Mpira Usio na Jina la Gari

“Wa gari gani?” Hilo ndilo swali la kwanza katika kila duka la spea, uwe Tanga mjini au Gerezani, Dar es Salaam. Kwa wengi jibu ni maneno mawili, na muuzaji hunyoosha mkono rafuni. Mimi sikuwa na jibu. Gari letu ni Land Rover 109 ya toleo la tatu, lile lililoundwa kati ya 1971 na 1985. Hiyo 109 ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Injini yake ya petroli ilikwisha kung’olewa, na mahali pake imekaa dizeli ya Toyota ya lita 2.8, iliyotoka kwenye Hilux. Rejeta imebaki ileile ya zamani. Mpira wa rejeta basi unatakiwa uume Uingereza kwa mdomo mmoja na Japani kwa mwingine.

Nikitaja Land Rover, napewa mpira unaoenea kwenye rejeta na kupwaya kwenye injini. Nikitaja Toyota, hauingii kabisa upande wa pili. Muuzaji mmoja alinishauri tuliuze gari kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kaka yangu, ambaye kwa gari hilo hubeba machungwa ya Muheza, hakucheka. Msimu ulikuwa umeanza, na chungwa lililochumwa halina subira.

Fundi wetu ndiye aliyeniondoa kwenye majina. Alichukua waya mnene, akaukunja kufuata njia ya maji kutoka shingo ya injini hadi mdomo wa rejeta, akiikwepa feni. Akapima vipenyo: milimita 32 huku, 38 kule. “Ukifika dukani, usitaje gari,” aliniambia. “Sema kiwiko kimoja, mkono mfupi juu, mrefu chini.” Mdomo, shingo, kiwiko, mkono: lugha ya gereji imejengwa juu ya mwili wa mtu, na sijui kamati ya istilahi ambayo ingefanya vizuri zaidi. Hata gari lililozidiwa na joto husemwa linachemsha, kama sufuria.

Alinionya hasa juu ya mpira wa chini. Wengi huuhofia wa juu kwa kuwa ndio unaopitisha maji ya moto yatokayo kwenye injini. Lakini chini ndiko pampu inakovuta. Mpira laini hunywea injini inapokimbia, maji yakakwama, gari likachemsha mlimani. Ukizima, mpira unajaa tena na kurudia umbo lake, nawe huoni kosa lolote. Kwa hiyo unatakiwa mgumu, wenye nyuzi zilizofumwa ndani au springi.

Nilipanda basi na waya wangu. Gerezani, mzee mmoja aliusikiliza ule wasifu wa kiwiko na mikono, akanyamaza, akauchukua waya na kuupitisha kwenye mipira iliyoning’inia darini, mmoja baada ya mwingine. Wa chini ulipatikana, na lebo yake ilikuwa imefutika; hakuna aliyejua ulitengenezewa gari gani. Wa juu haukuwepo. Tulinunua vipande viwili, 32 na 38, fundi akaviunganisha kwa bomba fupi la chuma lenye kingo zilizovimba ili klipu zishike. Ukwapi na utao, nilijisemea, kila kimoja na mizani yake. Mpira ulibaki pande zote mbili, kwa sababu dizeli hutikisika, na chuma kitupu kingepasua mdomo wa rejeta.

Tulipanda nalo barabara ya Amani, mshale wa joto ukatulia. Siku iliyofuata kaka akaenda shambani. Chini ya boneti, fundi ameandika kwa rangi nyeupe: JUU 32/38 VIPANDE VIWILI. CHINI 38, KIWIKO, MGUMU.