Nyayo za Laetoli na Amri ya Nane

Tulipokuwa tukifundisha dini katika shule ya sekondari ya Kanisa, kila mwaka somo la mageuko ya viumbe lilipofika, wanafunzi walitujia sisi wachungaji wakiwa na mashaka. Nasi tulikuwa na jibu jepesi: "Andikeni hivyo kwa ajili ya mtihani. Imani yenu kaeni nayo moyoni."

Siku moja binti wa kidato cha nne alisimama. "Mchungaji, nikiandika nisichokiamini ili nipate maksi, amri ya nane inasemaje?" Darasa likanyamaza. Katekisimo alifundishwa na sisi wenyewe, hata akapata kipaimara. Tulikosa la kumjibu.

Tulimwomba mwalimu wa biolojia tuketi naye darasani. Alieleza habari za Laetoli, kule Ngorongoro, ambako mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano. Binti akauliza, "Miaka milioni 3.6 nani aliihesabu?" Mwalimu hakumkemea. Alisema majivu yale yana madini yenye potasiamu, na sehemu yake ndogo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, kwa mwendo unaojulikana. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi hutoka. Ukishapoa, hubaki ndani na kuongezeka. Wakiipima, wanajua mwamba ulipoa lini.

"Hesabu nimeielewa," alisema. "Lakini Adamu?"

Hapo ilikuwa zamu yetu. Tulimwambia kwamba kitabu cha Mwanzo kinatufundisha ni nani aliyetuumba, wala hatukupewa ili tuhesabie umri wa miamba. Tukamwambia pia kwamba yako maswali ambayo sisi wenyewe bado tunayapeleka kwa Mungu katika sala. Katika mtihani aeleze ushahidi kama ulivyo, kwa haki. Huko si kusema uongo.

Hakusema kwamba ameridhika. Aliomba kitabu akasome.

Wapendwa, tulidhani tunailinda imani ya watoto wetu, kumbe tulikuwa tunawazoeza kuwa na ndimi mbili. Mtoto akirudi nyumbani na swali kama hilo, tusimnyamazishe kwa jina la Yesu. Tuketi naye, tumsikilize, na tukiwa hatuna jibu tumwambie hatuna.