Redio Haina Picha

Hapa Kashikishi ukienda soko la samaki utasikia redio karibu kila kibanda. Novemba iliyopita, uvuvi ulipokaribia kufungwa ziwani Mweru mpaka mwisho wa Februari, mwanamke mmoja alikuwa akiieleza sheria hiyo. Alisema ni haki samaki wapate kuzaana, bali yaipasa serikali kuwakumbuka wavuvi wadogo. Kwangu hoja ilikuwa na nguvu. Lakini wanaume waliokuwapo, pamoja na wachuuzi waliovuka kutoka Kilwa ya Kongo, hawakuigusa. Mmoja aliuliza kama ana mume. Mwingine akasema, “Mkali hivi, lazima sura yake ni mbaya.” Ajabu! Redio haina picha. Kisha akaja mwanamume akafoka kumshinda, naye akasifiwa kuwa jasiri.

Nairobi nako, mwaka 1989, Wangari Maathai alipinga kujengwa kwa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Wabunge wakataja talaka yake. Rais Moi akasema kwamba mwanamke afuataye mila huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Bustani yenyewe ikasahauliwa! Hata hivyo jumba halikujengwa, na mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Darasani mwetu yuko msichana ajuaye siasa kutupita sote. Siku ya mdahalo huandika hoja, kisha humpa mvulana akazisome. Nilimwuliza sababu. Alijibu kuwa hapendi meno yake yajadiliwe.