Sentensi Inayoanza na Ingawa

Sentensi yenyewe huanza na "ingawa". Unagongagonga ubavu wa kiganja, ule upande wa kidole cha mwisho, kwa ncha za vidole vya mkono wa pili, huku ukisema: Ingawa nina hofu hii, ninajipenda na kujikubali kabisa. Unasema mara tatu. Kisha unapanda usoni: mwanzo wa nyusi, pembeni mwa jicho, chini ya jicho, kati ya pua na mdomo, kidevuni. Unashuka kwenye mtulinga, chini ya kwapa, halafu unamalizia utosini. Kila mahali mara saba hivi, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba yenye mgonjwa.

Nilifundishwa haya kwenye semina ya walimu pale Wote, saa nane mchana, baada ya wali na nyama ya mbuzi, nusu ya ukumbi ikiwa inasinzia. Mshauri nasaha aliyekuja kutuzungumzia alituambia tusimame wote. Walimu wazima, wengine wenye mvi na mikopo ya sacco, tukaanza kujigonga nyuso. "Madam, hii ni nini tunafanya jameni?" jirani yangu aliniuliza, akacheka mpaka akalazimika kutoka nje. Mimi sikucheka. Nilikuwa na jambo langu.

Jambo lenyewe ni hili. Nimesomea Kiswahili na historia. Gredi ya saba ilipoanza mwezi wa kwanza 2023, sisi vijana wa mkataba tuliopelekwa kuifundisha tulikuta ratiba inatusubiri, na ratiba haikuulizi ulisomea nini. Nikapewa sayansi. Nikapewa na somo la ufundi. Shule yetu iko upande wa Kibwezi, mahali pa mibuyu na vumbi jekundu, na watoto wa huku wana macho makali. Mwalimu asiye na uhakika wanamnusa kabla hajashika chaki. Kila Jumanne, dakika kumi kabla ya kipindi cha umeme na saketi, mikono ilinilowa jasho na sauti fulani ikaanza: wewe si mwalimu, wewe umeokotwa, leo ndiyo leo. Usiku nilisoma kitabu cha wanafunzi kwa tochi ya simu kama mwizi anayekagua nyumba. Somo nililijua. Sauti haikujali kama nalijua.

Basi nikawa najigonga. Nyuma ya stoo ya jembe na madawati mabovu, nikiangalia kwanza kama hakuna mtu. Sitasema ilifanya muujiza. Nitasema tu kwamba nikianza nikiwa kwenye nane kati ya kumi (maana mbinu hii hukutaka ujipe alama kabla na baada) nilikuwa naingia darasani nikiwa kwenye tano. Kwa mtu wa nane, tano ni likizo.

Mimi ni mtu wa kutaka kujua kitu kimetoka wapi, kwa hiyo nikasoma. Mwanzilishi ni mwanasaikolojia wa California, Roger Callahan, aliyekuwa na mgonjwa mwenye hofu kubwa ya maji. Miaka ya themanini ilipokuwa inaanza, alimwambia mgonjwa huyo ajigonge chini ya jicho, kwa sababu katika tiba ya Kichina ya sindano mahali hapo huhusishwa na tumbo, na hofu ya yule mama ilikuwa inakaa tumboni. Katika miaka ya tisini, Gary Craig, mhandisi aliyesoma Stanford na kufunzwa na Callahan, akairahisisha: badala ya kila tatizo kuwa na mpangilio wake wa kugonga, mpangilio mmoja kwa matatizo yote. Hiyo ndiyo EFT inayozunguka leo. Mhandisi ni mhandisi, hapendi spana ishirini kama moja inatosha.

Sasa, je, ni kweli kwamba kuna njia za nguvu mwilini zinazofunguka ukizigonga? Mwaka 2003 watafiti wawili, Waite na Holder, walifanya jambo la kitoto lakini la akili sana. Watu wenye hofu waliwagawa makundi. Wa kwanza walijigonga mahali panapotakiwa. Wa pili walijigonga mahali pasipo na maana yoyote. Wa tatu walimgonga mwanasesere. Wa nne hawakugonga kitu. Hofu ilipungua kwa makundi matatu ya kwanza, hata kwa waliomgonga mwanasesere, na kwa kundi la nne haikupungua. Wapo pia waliopima homoni ya kotisoli kabla na baada ya watu kujigonga wakasema inashuka. Na dada wa mbinu hii, ile ya Callahan mwenyewe, ilipelekwa Rwanda kwa vijana 50 yatima wa mauaji ya kimbari. Matokeo yaliyochapishwa 2010 yalikuwa mazuri mno, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na utafiti wa namna hiyo mimi huuchukua kwa kijiko, si kwa sufuria.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: sidhani siri iko chini ya jicho. Nadhani iko katika kusimama, kupumua, kuupa mwili kazi ndogo yenye mdundo, na kulitaja jambo kwa jina lake badala ya kulikimbia. Wanaouza kozi za mbinu hii mtandaoni kwa dola mia kadhaa hawatafurahi kusikia hivyo. Shauri yao.

Lakini haya yote yalikuwa mepesi nilipokuwa najigonga mimi. Mwaitu ndiye aliyenifanya nifikiri.

Nyumbani kwetu ni ng'ambo ya mto Athi, Kitui Kusini, ukishapita Ikutha. Siku hizi barabara ya Kibwezi kwenda Kitui ni lami, Probox inakufikisha kabla hujamaliza kulalamika kuhusu kubanwa. Mama yangu alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Mvua ikakataa mwisho wa 2020, ikakataa 2021, ikakataa 2022, msimu baada ya msimu. Alipeleka mifugo mtoni, akaipeleka mbali zaidi ya mto, akanunua nyasi kwa bei ya unga. Walikufa tisa. Wawili waliobaki walikuwa wa kuinuliwa kwa mikono kila asubuhi ili wasimame.

Ni lazima mtu aelewe ng'ombe hao walikuwa nini. Kila mwaka wangu wa chuo kikuu una ng'ombe wake. Mwaka wa kwanza ni fahali mweusi, wa pili ni mtamba aliyeuzwa kabla hajazaa, na kuendelea. Wale kumi na mmoja ndio walioponea karo yangu. Na mimi, matunda ya karo hiyo, nilikuwa nalipwa shilingi elfu ishirini kabla ya makato, pesa ambayo haikunirudishia hata mguu wa nyuma wa yule fahali. Sauti ile ya Jumanne, wewe umeokotwa, nilikuja kugundua kwamba haikuwa na habari na saketi hata kidogo. Ilikuwa inahesabu ng'ombe.

Mvua ilirudi. Usingizi wa mwaitu haukurudi. Alikuwa akiamka saa nane za usiku, anachukua tochi, anaenda kumulika boma. Boma tupu. Anamulika kona hadi kona, anarudi kulala, hasinzii. Alisema kichwa kinanguruma. Kwetu tunasema mtu kama huyo anawaza sana, na neno hilo linabeba kila kitu, kuanzia deni la dukani hadi mauti. Jirani walimletea maombi. Shangazi alimletea mizizi ya kuchemsha. Mimi, mwalimu, nikamletea kugongagonga.

Nilimweka kwenye kiti chini ya mwembe, nikamwonyesha kiganja, nikamtafsiria sentensi kwa Kikamba kadiri nilivyoweza. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama anavyomsikiliza mgombea wa wodi. Kisha akauliza, "Kujikubali? Kwani nilijikataa lini?"

Nikajaribu tena. Nikasema ni kama kujipenda.

"Mtu mzima anakaa chini ya mti anajiambia anajipenda," akasema. "Na ukoo ukisikia?"

Nilicheka, lakini baadaye niliona kwamba hakuwa anatania. Ile sentensi imeshonwa kwa mwili wa mtu anayeamini adui yake mkubwa ni yeye mwenyewe. Huenda ndivyo alivyo mgonjwa wa California. Huenda ndivyo nilivyo mimi pia, niliyesoma na kuanza kujipima kwa macho ya wengine. Mwaitu hakuwa na ugomvi na nafsi yake. Ugomvi wake ulikuwa na mbingu, na mbingu huwezi kuiambia ingawa.

Akaniambia nimwache afanye anavyotaka. Akaanza kugonga kwenye nyusi, akataja ng'ombe wa kwanza kufa, yule wa madoa. Pembeni mwa jicho, ng'ombe wa pembe moja. Chini ya jicho, mama yake yule. Alikwenda hivyo, mahali na ng'ombe, mahali na ng'ombe, kila mmoja na alipofia: huyu kando ya mto, huyu hapa mlangoni. Mahali pa kugonga, ukiacha kiganja, ni panane, na ng'ombe ni tisa. Wa tisa alimgongea kwenye goti. Hakuna kitabu kinachotaja goti. Alipofika hapo alilia, na tangu ukame uanze sikuwa nimemwona akilia.

"Hii ni kilumi ya mtu mmoja," akasema akijifuta kwa leso.

Susu, mama yake, alicheza kilumi kabla ya kubatizwa. Ni ngoma ya wazee, ya kuomba mvua na ya kumtuliza mtu aliyeshikwa na mapepo, ngoma ndefu za mwase zikipigwa hadi mgonjwa aseme kinachomsumbua. Kanisa liliikataza na sina haja ya kufungua kesi hiyo hapa. Nataka tu kusema kwamba mdundo, mwili na kutaja jina havikuja Ukambani na semina.

Kuhusu alama, napo tulitengeneza yetu. Sifuri hadi kumi haikumwambia kitu. Kila siku alisema "kumi" ili nimwache. Tukahamia kwenye debe, lile la kupimia ndengu. Leo limejaa kiasi gani? Robo. Nusu. Linakaribia shingo. Nikiwa Kibwezi nilikuwa nampigia simu saa moja jioni, salamu kwanza, kisha debe. Wiki nyingi ilikuwa nusu, nusu, robo, nusu.

Jioni moja akasema, "Leo linamwagika."

Nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kufa. Kimya kilichofuata nilisikia mbuzi upande wake wa simu. Kisha akasema ndiyo, kwa sauti ya mtu anayekubali kwamba ameishiwa chumvi.

Sikumwambia ajigonge. Nilimpigia jirani, mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale 100,000 waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, akaenda kulala kwake usiku huo. Alimpima presha, ikawa juu. Asubuhi nilivuka Athi na gari la kwanza. Hospitalini daktari alimuuliza maswali mengi kwa Kikamba, kuhusu usingizi, chakula, na lile swali nililouliza mimi, na mwaitu akajibu yote bila kusita, kwa sababu lilikuwa limeshasemwa mara moja. Akapewa dawa mbili, ya presha na ya ule uzito, na tarehe za kurudi.

Huku Makueni, Profesa David Ndetei na wenzake waliwahi kuwaketisha pamoja waganga wa jadi, waombeaji wa makanisani na wahudumu wa hospitali, kisha wakawafundisha waganga, waombeaji na wahudumu wa vijijini kutambua sonona kwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Mtu anaweza kuguna: mganga na nesi meza moja? Mimi niliposoma habari hiyo nilimwona mwaitu, na maombi mkono huu, mizizi mkono ule, vidole usoni, na mlango wa hospitali ukiwa mbali. Kinachohitajika ni yule aliye karibu ajue lini kazi imemshinda, na aujue huo mlango.

Bado najigonga, Jumanne. Sentensi ya "ingawa" niliiacha. Nasema tu kilichopo: karo, fahali mweusi, saketi. Wanafunzi wangu wawili wa gredi ya tisa walinikuta nyuma ya stoo muhula uliopita, wakauliza ni mazoezi ya nini. Nikawaonyesha. Mmoja sasa hujigonga kwenye mtulinga kabla ya mtihani wa hesabu, anadhani simwoni.

Mwaitu anakunywa dawa, na tochi imerudi kuwa ya chooni. Wiki jana nilimpigia saa moja, kama kawaida, nikauliza debe.

"Robo," akasema. "Lakini ndengu zimetoa maua, nina kazi ya kufukuza ndege. Usiniulize tena mpaka tuvune."